Baiodizeli kwa maganda ya mayai: vile tunavyopika mafuta ya jatrofa huku Tororo

Mama mmoja anayeuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, karibu na stendi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, alininyima maganda ya mayai wiki mbili nzima. "We mwanangu, maganda yangu unayapeleka wapi? Umetumwa na nani?" Alidhani ni mambo ya uganga, na kusema kweli mtu akija kila jioni na mfuko kuomba takataka zako hata mimi ningeuliza. Nikamweleza, mama, haya nayachoma yanakuwa chokaa, na hiyo chokaa ndio inageuza mafuta ya mbegu kuwa dizeli ya mashine yangu ya posho, ya kusagia mahindi, akacheka mpaka chapati ikaungua. Siku hizi ananiwekea kando, mfuko wake peke yake, bila karatasi wala majani ya chai ndani.

Naandika hii kwa sababu kila nikisema injini yangu inakula mafuta ya jatrofa watu wananiuliza maganda tu, tanuri tu, digrii ngapi, yaani wanadhani siri iko huko. Haiko huko. Kichocheo, yaani hiyo chokaa, ndio sehemu rahisi. Mimi nimeharibu kazi mara kadhaa na mara nyingi kosa lilikuwa maji au mafuta yaliyochacha, kwa hiyo ukisoma ruka popote unapotaka lakini pale pa kuandaa mafuta usiruke.

Kwanza ujue nini kinatokea humo ndani. Mafuta ya mbegu ni mazito, kama mara kumi ya dizeli, ukiyamwaga hivyo hivyo kwa tangi injini itanguruma siku kadhaa alafu nozeli inajaa masizi na ringi za pistoni zinaganda. Uzito unatoka kwa umbo lake: kila chembe ya mafuta ni minyororo mitatu mirefu imeshikwa pamoja na gliserini, kama mikungu mitatu ya matoke imefungwa kamba moja nyuma ya baiskeli. Methanoli inakuja inafungua kamba, inashika kila mkungu peke yake, gliserini inaanguka chini, na ile mikungu iliyoachana ndio baiodizeli. Kichocheo kinaharakisha huko kufungua, chenyewe hakiliwi.

Watu wengi wanatumia kostiki soda. Inayeyuka kwenye methanoli, saa moja kazi imeisha, sawa, lakini ikishaingia haitoki tena, unaiosha kwa maji ndoo kwa ndoo, na ikikutana na mafuta mabaya inatengeneza sabuni unabaki na uji. Chokaa ya maganda inabaki unga mwanzo mpaka mwisho, unaichuja kwa kitambaa unaitumia tena. Ubaya wake ni kwamba ni ya polepole, inataka methanoli nyingi zaidi, na inataka kukorogwa kwa nguvu maana humo ndani mna vitu vitatu visivyopendana, mafuta, methanoli na unga, ukipumzisha mkono tu kila kimoja kinarudi kwao.

Sasa mafuta gani. Tunataka yasiyoliwa, usichukue alizeti au simsim ya watu upike dizeli wakati sahani ziko tupu. Jatrofa ndio rahisi kupata, wengine wanaiita mbono kaburi, wakulima wa Mukono na Kayunga wameipanda miaka mingi kushikilia vanila na kwingine ni ua tu wa boma. Mbegu kavu ina mafuta asilimia 30 mpaka 40 hivi lakini kinu cha mkono hakitoi yote, weka hesabu ya kilo 4 mpaka 5 kwa lita moja. Wale mliokuwepo miaka ya 2000 mnakumbuka vile watu waliambiwa jatrofa inaota popote na itawatajirisha. Kuota inaota kweli, kuzaa ndio shida, ardhi kavu bila mbolea inakupa mbegu za kuchezea omweso, yaani bao, basi. Kwa hiyo usikate mihogo yako upande jatrofa, okota ile iliyopo.

Mwarobaini nao unafaa ila mafuta yake huwa na asidi nyingi na ile harufu hutaisahau. Kuna kabakanjagala, ile miti ya barabara inayotoka Bulange, bunge la Buganda, kwenda lubiri la Mengo, yaani ikulu ya Kabaka, mfalme wao, jina lenyewe kwa Kiganda ni kama kusema Kabaka ananipenda, kokwa yake ina mafuta mengi kupita jatrofa lakini ni mafuta yanayokauka kama vanishi, baiodizeli yake ikikaa miezi inaanza kufanya gundi, pika kidogo utumie haraka. Mbarika iache kwanza. Mafuta yake yana asidi yake ya peke yake, risinoleiki, inayofanya hata baiodizeli yenyewe itoke nzito kupita kiwango, ikitumika ichanganywe kidogo na nyingine.

Jambo moja la jatrofa wengi wanalichukulia poa: mbegu ni sumu. Mtoto akila chache anatapika na kuharisha vibaya, na makapi yake baada ya kukamuliwa usiwape mbuzi wala kuku, peleka shambani kama mbolea. Na tafadhali mashine ya posho isisage hizo mbegu hata siku moja, hata kama utaiosha. Mimi nina kinu cha mkono cha jatrofa peke yake, nimekipaka rangi nyekundu ili hata mgeni asikiguse.

Methanoli sasa. Hii sio waragi, ile pombe kali ya kunywa, naomba mnisikie vizuri. Mwaka 2010 huko Kabale watu kama 80 walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli ndani, na wengine ikiwaachia roho inawachukulia macho. Inaingia hata kwa ngozi na kwa pumzi. Moto wake mchana hauonekani, unaona tu hewa inatetemeka, na mvuke wake unashika moto hata siku ya baridi. Kwa hiyo kazi yote ni nje, uwanjani penye upepo, sigara hapana, simu weka mbali, glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, na chombo cha methanoli kiandikwe SUMU kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu pia, alafu kifungiwe. Mimi siwekei kwenye chupa ya soda au ya maji hata kidogo. Mtu akiuliza kama spiriti ya viwanda vya sukari huko Jinja inaweza kuchukua nafasi yake, ethanoli inafanya kazi lakini polepole zaidi na lazima iwe kavu kabisa, na ile ya kawaida ina maji, na maji ndio adui yetu kwenye hadithi hii yote.

Haya, maganda. Yaoshe, yachemshe dakika chache, ule utando wa ndani toa unaotoka, usiotoka utaungua wenyewe. Anika mpaka yakatike kwa sauti, twanga, chekecha. Ganda ni kalsiamu kaboneti karibu yote, ukilipasha mpaka digrii 900 hewa ya kaboni inatoka na kinachobaki ni kalsiamu oksaidi, ile chokaa kali ambayo haijazimwa maji. Trei moja ya mayai 30 inakupa maganda kama gramu 165, yakiungua vizuri unabaki na gramu 85 au 90. Hiyo inatosha lita mbili za mafuta.

Mara ya kwanza niliweka chungu changu ndani ya tanuri la matofali la jirani, nikaona moto si unawaka siku mbili, nataka nini tena. Kumbe tanuri la matofali linapoa polepole sana, na moshi wa kuni una hewa ya kaboni na mvuke, chokaa ikipoa ndani ya moshi inavuta vile vitu inarudi kuwa ganda tena. Nilitoa unga mweupe mzuri kabisa wa picha, usio na kazi yoyote. Kilichonisaidia ni mzee mhunzi. Yeye ana mvukuto na makaa, tunaweka unga kwenye kijungu cha udongo chenye kifuniko, tunakifukia ndani ya makaa na kupuliza mpaka kijungu kinapiga rangi ya chungwa. Nyekundu ya damu haitoshi, hapo bado uko 700 na kitu. Ikishashika chungwa tunaishikilia saa mbili, tatu kama unga ni mwingi. "Mjukuu, hii ni chuma au ugali?" ananiuliza kila mara, maana anaona tunapika kitu hakifuliwi. Kama una rafiki kwenye maabara ya shule au chuo mwenye tanuri ya umeme, weka 900 kwa saa tatu, umemaliza bila jasho.

Kujua kama imeiva usiangalie rangi, pima. Gramu 100 za maganda makavu zikirudi 55 au chini kidogo, imeiva. Zikirudi 65, rudisha motoni. Jaribio lingine chukua punje ndogo, izime kwa maji kidogo kwanza, ikipoa dondoshea siki, ikitoa mapovu mengi bado kuna ganda humo. Na ikiwa ya kijivu ni ule utando haujaungua wote.

Ikiwa bado na joto la kutoshikika itie kwenye chupa ya kioo kavu yenye kifuniko cha kubana au kopo la chuma, funga. Chokaa hii inakunywa maji ya hewani, na huku kwetu mwezi wa nne hewa yenyewe ni kama kitambaa kilichokamuliwa nusu. Niliwahi kuiacha kwenye mfuko wa nailoni wiki moja tu, nikapika nayo saa nne, mafuta yakabaki mafuta. Kama huna uhakika imekaa vipi, ichome upya. Na isiguse jicho, ikikutana na machozi inapata moto wake yenyewe, ikitokea osha kwa maji mengi muda mrefu alafu nenda hospitali, usingoje kesho.

Tumefika kwenye mafuta yenyewe. Mbegu zikivunwa mbichi, zikalala kwenye gunia lenye unyevu, zikapata ukungu, mafuta yanavunjika yenyewe ndani ya mbegu na kutoa asidi huru. Hizo asidi zikikutana na chokaa zinashikana zinafanya sabuni ya kalsiamu, sabuni isiyoyeyuka hata kwa maji, inapaka juu ya punje za unga kama lami, na kichocheo chako kimekufa hapo hapo. Jatrofa iliyotunzwa vibaya inaweza kufika asilimia 15 ya asidi. Sisi tunataka chini ya 1.

Kamua, acha yatulie siku mbili, chuja kwa kitambaa cha pamba. Alafu toa ile gamu: pasha mafuta digrii 70, tia maji ya moto kama mililita 30 kwa lita, na ndimu ya unga (asidi ya sitriki) kidogo ukiwa nayo, koroga dakika 20 taratibu, acha usiku, asubuhi utakuta ute wa kahawia chini, mwaga. Sasa kausha. Pasha mpaka 110 ukikoroga, utasikia yanapasuka pasuka, hayo ni maji yanatoka, endelea mpaka kimya. Jaribio langu ni kudondosha tone kwenye kikaango cha moto, likilia bado, likinyamaza tayari. Hapa moto wa jiko hauna shida kwa sababu methanoli haijaletwa karibu. Ikishaletwa, sigiri inahama.

Kupima asidi unahitaji potasiamu haidroksaidi gramu 1 imeyeyushwa kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa, yale safi ya kuongeza kwenye betri, sio asidi yake, isopropanoli kidogo, na bomba mbili za sindano. Chukua isopropanoli mililita 10, tia mililita 1 ya mafuta, tikisa mpaka iyeyuke, weka tone la fenolfthalini, ile ya kuonesha asidi kwa rangi, kama huna weka manjano ya kupikia iliyoloweshwa kwenye spiriti, inafanya kazi, ni ya njano ikiona asidi na inageuka nyekundu ya kahawia asidi ikiisha. Dondosha yale maji ya potasiamu tone kwa tone ukitikisa mpaka rangi igeuke na ibaki nusu dakika. Soma umetumia mililita ngapi. Kila mililita moja ni kama nusu asilimia ya asidi huru. Ukitumia chini ya 1.8 endelea na safari. Ukitumia 3 au 4 simama. Ukitumia 10, hayo ni mafuta ya sabuni, pika sabuni usijitese.

Kwa yale ya katikati una njia mbili za kijijini. Ya kwanza changanya na mafuta mazuri mpaka kipimo kishuke, hii ndio nafanya mara nyingi. Ya pili uyasafishe kwa maji ya kostiki soda kidogo, asidi inageuka sabuni unaitoa chini, unaosha na kukausha upya, ila unapoteza mafuta na muda. Kuna njia ya tatu ya kitaalamu na ni nzuri sana, kutumia kichocheo kigumu cha asidi kwanza ili zile asidi huru zenyewe zigeuke baiodizeli badala ya kutupwa. Watafiti wa Japani mwaka 2005 walionesha unaweza kukitengeneza kwa sukari ya kawaida, wanaichoma nusu inakuwa kaa jeusi alafu wanaipika ndani ya asidi kali ya salfa, na wengine baadaye wamefanya hivyo hivyo kwa makapi ya miwa. Sukari tunayo, miwa tunayo, lakini asidi ya salfa kwenye digrii 150 sio kazi ya nyuma ya nyumba, hiyo ya maabara yenye chumba cha kuvuta hewa. Kama uko chuo, hapo ndio mahali pa kuweka nguvu yako, maana ndio kitu wakulima wenye mbegu mbaya wanakosa.

Tupike sasa, na tunapika lita 1. Usianze na jerikani la 20 hata kama una haraka, mimi nilianza nalo na nikapata jerikani la 20 la uji.

Lita 1 ya mafuta makavu, methanoli mililita 400, chokaa gramu 40. Kwenye hesabu kila chembe ya mafuta inataka methanoli tatu tu, hapa tumeweka tisa hivi, kwa sababu kichocheo kigumu ni kivivu na ile ya ziada ndio inamsukuma, na usiogope gharama maana nyingi utaikamata tena. Wengine wanaenda hadi mililita 500. Chombo kiwe kioo kinene au chuma kisichoshika kutu, alumini hapana, chokaa na methanoli zinaila.

Juu ya chombo kuna kifuniko chenye tundu la mpini wa kukoroga na bomba la shaba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, limesimama wima kwenda juu, ili mvuke wa methanoli ukipanda upoe udondoke tena ndani. Mwisho wa bomba uko wazi. Usifunge chombo kabisa, mvuke ukikosa njia unakilipua. Joto tunaleta kwa maji: sufuria kubwa yenye maji ya moto, chombo kinakaa ndani yake, na jiko la kuchemshia hayo maji liko hatua 15 kutoka hapo upande upepo unakotoka, unabeba maji kwa birika. Inachosha, najua. Mota ya umeme ya kukoroga nayo inatoa cheche, kwa hiyo mimi nina mpini wa baiskeli na mnyororo, mpwa wangu anakanyaga pedali mita kadhaa kutoka chombo, nalipa kwa soda.

Anza na chokaa na methanoli peke yake, koroga nusu saa kwenye vuguvugu la 45 hivi. Hapo uso wa chokaa unaamka, unashikana na methanoli. Ukiwa na gliserini ya mpiko uliopita tia kijiko kimoja, inaamsha zaidi, hiyo nilidhani ni ushirikina lakini ni kweli kabisa, gliserini na chokaa vinafanya kitu kipya ambacho kinafanya kazi kuliko chokaa tupu. Alafu leta mafuta yaliyopashwa 60, mimina, na koroga kwa nguvu saa tatu.

Joto liwe 57 au 58. Karatasi nyingi zinasema 65 na wengine wanang'ang'ania hapo, lakini methanoli inachemka 64.7 kule chini usawa wa bahari, sisi Tororo na Kampala tuko mita 1,200 hivi juu na hapa inachemka karibu 61. Ukiweka maji yako 65 methanoli yote inakaa bombani inapanda na kushuka, ndani ya mafuta haipo. Mimi hili lilinichukua mipiko miwili kulielewa, nilikuwa namlaumu mama wa rolex na maganda yake.

Saa tatu zikiisha acha ipoe kidogo, chuja kwa kitambaa cha pamba mikunjo minne. Unga unaobaki usiutupe. Kilichopita kitambaa weka kwenye chupa ndefu usiku kucha, asubuhi utaona mstari: juu rangi ya asali, chini gliserini nzito ya kahawia, kama gramu 100 kwa lita. Usipoona mstari kazi haikufanyika, rudi ukapime asidi na maji. Toa gliserini kwa bomba chini.

Methanoli iliyobaki imegawanyika huku na huku, ipashe kwa maji ya moto taratibu, sasa lile bomba la shaba linalala mteremko badala ya kusimama, na mwisho wake unaingia kwenye chupa iliyokaa kwenye maji baridi. Endelea mpaka haidondoki tena. Mililita ikikaa karibu gramu 0.79 ni safi, ikiwa nzito zaidi imechukua maji, hiyo weka ya kuoshea kichocheo.

Kuosha ni kidogo kuliko kwa kostiki lakini usikuache. Chokaa inayeyuka kidogo sana, ila hiyo kidogo inatosha, kalsiamu ikienda injini inaacha majivu, ndio maana viwango vya Ulaya na Marekani vinataka kalsiamu na magnesiamu pamoja zisizidi miligramu 5 kwa kilo. Osha mara ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu nusu lita yenye ndimu ya unga gramu 1, ndimu inaikamata kalsiamu inaondoka nayo, geuza chupa taratibu usitikise kama maziwa ya mgando. Mara ya pili na ya tatu maji matupu. Alafu kausha 105 mpaka 110 mpaka iwe angavu kiasi cha kusoma gazeti nyuma yake. Kama methanoli haikutoka yote kabla ya hapa, hili jiko litakuonesha, kwa hiyo hakikisha ilitoka.

Majaribio mawili ya bure. Chukua methanoli mililita 27, tia baiodizeli mililita 3, tikisa, acha. Ikiyeyuka yote bila kitu kukaa chini, safi. Mafuta yasiyogeuka hayayeyuki, yanazama kama tone la asali, na ukiona tone rudisha mpiko wote kwa chokaa mpya na methanoli mililita 100. La pili nusu chupa ya baiodizeli na nusu maji, tikisa kwa nguvu, vikiachana ndani ya nusu saa na mstari mkali, sawa, vikibaki kama chai ya maziwa bado una sabuni.

Ule unga wa kwenye kitambaa, uoshe kwa methanoli kidogo, uutumie kesho yake ukiongeza gramu 10 za mpya. Unakwenda mipiko mitatu au minne kabla haujachoka, ukichoka mpelekee mzee mhunzi auchome upya, ila uwe umekauka kabisa na hauna harufu ya methanoli kabla haujakaribia makaa. Gliserini nayo ikishatolewa methanoli yote inaenda kwenye sabuni. Nasema yote, mtu asiipake mwilini ikiwa bado.

Kwa injini, mashine yangu ni ya silinda moja ya zamani ya mtindo wa Lister, hiyo inakula karibu chochote. Nilianza baiodizeli 20 kwa dizeli 80, mwezi mzima, alafu nikapandisha. Gari jipya lenye pampu ya kompyuta usijaribu na mafuta ya nyuma ya nyumba, nozeli moja tu itakula faida ya mwaka. Utaona inakunywa zaidi kidogo kuliko dizeli kwa kazi ile ile, hiyo kawaida, nguvu yake kwa kilo ni pungufu kama asilimia 12. Jirani akitaka kununua mwambie aje apike yake, kuna sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020 na kuuza kunataka leseni na mafuta yapite viwango vya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mimi natengenezea mashine yangu tu.

Na nunua filta mbili mapema. Baiodizeli inaosha uchafu wote wa miaka uliogandia kwenye tangi la dizeli na kuuleta kwenye filta wiki ya kwanza, injini inazima katikati ya debe la mahindi la mtu na foleni iko mlangoni. Hosi za mpira wa kawaida pia zinavimba na kulainika, yangu ilianza kutoa jasho mwezi wa pili, nikaweka ile ngumu inayostahimili mafuta, na tangu hapo naishika kwa vidole kila Jumapili kabla ya kuwasha.